Eti lulu ya baharini unaijua kwa KUILAMBA?!

Lenzi10:
Wakuu, heshima yenu. Nina hasira, mnivumilie.

Yule jamaa mnamjua, simtaji. Leo kaulizwa swali la kistaarabu: lulu ya maji chumvi na ya maji baridi nitazitofautishaje? Akajibu kama daktari bingwa: "Ilambe. Ikikolea chumvi ni ya baharini." ILAMBE! Nilipompinga kwa adabu akaniambia nina ulimi wa plastiki, ndiyo maana sisikii ladha.

Lulu zote mbili ni kalsiamu kaboneti. Ukisikia chumvi hapo, hiyo ni jasho la shingo ya mwenye mkufu!

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, chungulia kwenye tundu la uzi, mwanga uingie kwa ubavuni. Akoya, aina ya lulu ya baharini inayofugwa, utaiona ina mstari: nje tabaka la lulu, mara nyingi halifiki hata milimita 1, ndani kigololi kilichochongwa kwenye gamba la kome. Ya maji baridi ya kawaida haina kigololi. Kome hupandikizwa vipande vya utando wa kome mwenzake tu, kwa hiyo ni lulu tupu mpaka katikati. Halafu kome mmoja anabeba kadhaa wa kadhaa kwa mkupuo, wakati chaza wa Akoya anabeba moja au mbili. Bei mtaachaje kutofautiana?

Lakini hapana, yeye ANALAMBA. Ulimi wa plastiki, mimi!

Ubishi_Mtupu:
Punguza povu mkuu. Kwani ulilamba ukakuta maji baridi?

KomeMzee:
Mleta uzi naye kasema nusu. Siku hizi Uchina wanatia vigololi kwenye kome wa maji baridi pia, wanatoa lulu kubwa za mviringo zinazouzwa kwa jina la Edison. Ukichungulia tundu utauona mstari uleule, utangaze umepata lulu kubwa ya baharini, ile ya Bahari ya Kusini. Hapo ni maabara tu: ya maji baridi ina manganizi nyingi, ya baharini ina strontiamu nyingi. Ikipigwa eksirei, ya maji baridi hutoa mwanga. Na Akoya yenye tabaka jembamba nayo hutoa mwanga kidogo, kwa sababu kigololi chake kimetokana na kome wa mtoni.

Lenzi10:
Sawa mzee, ila hiyo ya maabara si kulamba!

Bi_Mkufu:
Mimi nang'ata. Ikikwaruza meno, ya baharini.

KomeMzee:
Mola wangu. Meno yanakutofautishia lulu halisi na bandia, hayajui bahari wala mto. Zote mbili zinakwaruza.

Ubishi_Mtupu:
Mmoja analamba, mwingine anang'ata. Anayemeza yuko njiani.

Duara:
Zungushieni mezani basi. Isiyo mviringo kamili inayumba, na nyingi za maji baridi ndivyo zilivyo: yai, bapa, mabonge. Kisha tazama taa inavyojionyesha juu yake. Akoya nzuri inaonyesha kingo za taa waziwazi, ya maji baridi mara nyingi inazififisha. Si kipimo cha mwisho, zile bora za maji baridi zinakaribiana mno na Akoya.

Tausi:
Afadhali hao wa kulamba. Kero yangu ni "lulu nyeusi za Tahiti" zenye weusi wa wino, zote rangi moja mkufu mzima! Chungulieni tundu: rangi ya kutiwa imejikusanya ukingoni, hadi uzi umeishika. Tahiti halisi zina kijani, kijivu, zambarau, hazifanani kabisa.

Bi_Mkufu:
Na kuna yule mwingine, mnamjua pia, anayesafisha lulu kwa siki. Siki inaila lulu! Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha. Na ukivaa, jipake manukato kwanza, lulu mwisho.

Lenzi10:
Jamani, tunaweza kurudi kwenye kulamba?

Tausi:
Siki?? Hapo sasa. Na wanaotunga bila mafundo je? Fundo kila baada ya lulu, uzi ukikatika idondoke moja, zisisuguane.

Duara:
Hariri au nailoni?

Tausi:
Hariri, ila ibadilishwe ikilegea.

Ubishi_Mtupu:
Nailoni inadumu zaidi. Njooni tubishane.