Journey, trip, travel, voyage: zote si safari tu?

Kasulu: Wakuu, nasahihisha insha za kidato cha pili. Mwanafunzi kaandika "I had a good travel from Tabora to Kigoma." Nimkate alama?

Ujiji: Mkate. Travel ikiwa nomino haihesabiki, kwa hiyo haikubali "a". Hapo ni journey, yaani mwendo wenyewe wa kutoka hapa hadi pale, mara nyingi upande mmoja: "The journey by train was long." Trip hubeba kwenda, kurudi na shughuli iliyokupeleka: "a business trip to Tabora". Ukitaka kitenzi, tumia travel. Trip ikiwa kitenzi ni kujikwaa, na watoto wengi hunasa hapo.

Tabora Mjini: Voyage ni ya majini au anga za juu, tena ndefu. Meli ya Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, sawa. Boti ya kwenda Gombe na kurudi jioni ni trip.

Kasulu: Mbona nimeona "travels"?

Ujiji: Ipo, ila kwa mizunguko ya sehemu nyingi: "She met him on her travels." Haipewi namba. "Three travels" kata pia. Aandike "three trips".