Asidi ya tumbo na sauti kukauka: waliopitia tupeane uzoefu

Mwalimu wa Tatu B
Wapendwa, leo fundi wa maji kanipigia simu, nikapokea, akasema, "Samahani kaka, naomba niongee na mama mwenye nyumba." Mama mwenye nyumba ndiye mimi. Mwezi wa tatu huu sauti imekauka. Nina watoto 112 darasani, kila mtu ananiambia ni kupiga kelele. Juzi daktari kaniuliza kama usiku napata kiungulia. Nikashangaa, tumbo na sauti wapi na wapi? Waliopitia naombeni mnisimulie.

Alto wa Pili
Hata mimi niliulizwa hivyohivyo. Nafuatilia.

Mtu wa Ngamiani
Umenikumbusha Ramadhani nisiyotaka kuikumbuka. Mimi ni muadhini. Mwezi ule nilikuwa nafuturu vizito, narudia kula usiku, daku naila nikiwa na usingizi halafu najilaza mpaka alfajiri. Kiungulia sikuwa nacho hata kidogo, ila kila nikiamka nahisi donge kooni, nakohoakohoa kulisafisha.

Alfajiri ya siku ya kumi na kitu nimefika "hayya alas-swalah", sauti ikakatika kama mtu aliyekabwa. Nikajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Spika ziko wazi, mtaa mzima unasikia pumzi yangu. Kijana wa madrasa akanishika bega kwa adabu, akasogea mbele, akaadhini. Nilirudi nyuma ya safu nikalia, mtu mzima na watoto wangu wananiona.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitisha kamera, akanionyesha kinyama nyuma kabisa ya uzi mmoja wa sauti, pale unaposhikana na gegedu. Alikiita granuloma. Akanieleza kwamba tumbo lina ute wa kujikinga na asidi yake, koo halina kinga ya namna hiyo. Ukilala umeshiba, asidi inapanda pamoja na pepsini, ile inayosaga nyama tumboni, inaunguza. Na kule kukohoakohoa ni kugonganisha nyuzi penye kidonda. Hakunikata, alisema vinyama hivi hukatwa vikarudi. Nikapewa dawa ya kupunguza asidi, ya kumeza nusu saa kabla ya kula, nikaacha kulala kabla ya saa tatu kupita tangu nile, nikanyanyua kitanda upande wa kichwani kwa matofali. Miezi mitano. Sasa naadhini, ila alfajiri nimemwachia yule kijana.

Mama Pacha
Pole shehe. Mwalimu, tafuna tangawizi na ulambe limau na asali, siku tatu tu sauti inarudi.

Nesi wa Zamu
Mama Pacha, limau kwa mwenye asidi? Unamwongezea moto.

Mama Pacha
Bibi yangu ametibu watu nalo miaka yote.

Nesi wa Zamu
Alitibu mafua, dada. Na mwalimu, usikimbilie dukani kununua omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi. Uingereza walitoa utafiti 2021, watu 346 wenye koo sugu, nusu walipewa lansoprazoli, dawa ya kundi hilohilo, nusu vidonge visivyo na dawa, wiki 16. Matokeo yakawa karibu sawa. Halafu walimu wengi huwa na vinundu, pande zote mbili, katikati ya nyuzi, na hivyo huletwa na kupaza sauti. Cha asidi hukaa nyuma kama cha shehe. Bila kamera hapa tunabahatisha.

Mtu wa Ngamiani
Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa maji?

Nesi wa Zamu
Sijasema hivyo. Ulibadilisha kula, kulala na kukohoa kwa wakati mmoja, huwezi kujua kidonge kilichangia kiasi gani.

Kifungua Mimba
Naomba mniache niseme. Baba yangu alivuta sigara tangu ujana. Sauti ikakwaruza, hospitali moja wakasema asidi, akapewa vidonge. Vikiisha tunanunua vingine. Miezi minane hakuna aliyemwangalia kooni. Alipoanza kushindwa kumeza uji ndipo tukapelekwa kwenye kamera, na ilikuwa saratani ya koo. Leo anapumulia tundu shingoni. Wajukuu hawajui sauti yake. Mwalimu, sauti ikipita wiki nne bila kurudi, nenda wakakutazame. Nenda kesho.

Alto wa Pili
Pole sana ndugu yangu. Nimeshindwa kula.

Mama Pacha
Mungu amtunze mzee. Sasa anaongeaje?

Kifungua Mimba
Anaandika kwenye daftari. Maneno machache, mkono wake mzuri bado.

Mwalimu wa Tatu B
Nimesoma yote. Nimeomba ruhusa, naenda Alhamisi. Hadi hapo nitakuwa nanong'ona.

Nesi wa Zamu
Usinong'one, kunong'ona nako kunakaza nyuzi. Nyamaza, tumia ubao.

Mwalimu wa Tatu B
Sawa. Hiyo kamera inapita mdomoni?

Mtu wa Ngamiani
Yangu ilipita puani, dakika chache tu. Ganzi yake chungu kama shubiri. Ukitoka usinywe chai mpaka iishe, utapaliwa.