Fonografu ya Edison: kipande chenye meno na vitufe vitatu ni vya kazi gani?

Mwulizaji: Habari zenu, wapenzi wa mitambo ya kale. Ninaifungua fonografu ya Edison ya silinda (mashine ya kale ya kuchezea sauti), ile ya kupigwa hendeli. Juu ina skrubu ndefu ya nyuzi nyembamba mno, na nyuma ya kichwa cha sauti (kile kinachoshika sindano) kuna kipande cha chuma chenye meno ambayo huyaoni mpaka ukielekeze kwenye mwanga. Ndani ya mota nimekuta vitufe vitatu, mfano wa gololi, vilivyoshikwa na vibati vyembamba, vinavyozunguka pamoja na ekseli. Naomba kujua kazi ya vitu hivi, na kwa nini wimbo hurudia neno lile lile.

Jibu la 1: Chenye meno ni nati nusu, yaani nati iliyokatwa katikati. Katika gramafoni ya sahani, mfuo wenyewe (mtaro mwembamba wenye sauti) ndio unaoivuta sindano. Kwako kazi hiyo ni ya skrubu, ambayo nati huikalia ili kichwa kisogee sambamba na mifuo. Meno yakilika au yakijaa grisi kavu, kichwa hukwama. Ondoa kichwa cha sauti, shusha mkono, kisha uangalie kama unasogea bila kusita. Safisha kwa mswaki laini na mafuta ya cherehani, na usithubutu kuyapiga tupa meno hayo.

Vitufe ni gavana, yaani kidhibiti mwendo. Mota ikienda kasi, vitufe hutanuka kwenda nje na kuvuta kisahani hadi kisuguane na kipande cha ngozi, na msuguano huo ndio unaozuia mwendo usipite mizunguko takriban 160 kwa dakika. Ngozi ikikauka sauti huyumba, basi itie tone la mafuta.

Jibu la 2: Nakubaliana na maelezo ya gavana, ila kuhusu nati tusiharakishe. Silinda za awali zina mifuo 100 kwa inchi na hudumu takriban dakika 2. Zile za Amberol, zilizotoka mwaka 1908, zina 200 na hudumu takriban dakika 4. Mashine nyingi za baada ya hapo zina gia ya kubadili kati ya aina hizo mbili. Ukicheza silinda ya dakika 2 huku gia iko kwenye 4, skrubu hukisogeza kichwa nusu ya mwendo unaotakiwa, kichwa hubaki nyuma ya mifuo, na yakuti (jiwe la ncha ya sindano) huvutwa kurudi kwenye mfuo uliopita. Dalili yake ni hiyo hiyo uliyoitaja. Silinda yako ina rangi gani?

Mwulizaji: Ni ya nta ya kahawia.

Jibu la 2: Basi ni ya dakika 2. Itazame gia kwanza. Kagua pia kichwa: chenye herufi C ni cha dakika 2, chenye H ni cha dakika 4, na yakuti ya H ni nyembamba mno kwa mifuo ya silinda yako.

Mwulizaji: Kichwa ni C, lakini gia ilikuwa kwenye 4. Nimeirudisha na wimbo umefika mwisho bila kurudia. Nati sikuigusa.