Tupeane uzoefu: Habari gani uliipitia kwa kidole tu, kisha ikakufuata mpaka nyumbani?

Kidole Juu:
Wakuu, salama? Sijalala kwa sababu ya kidole changu mwenyewe. Jana jioni nimo kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu. Ikapita habari ya moto, soko fulani hapa mjini, vibanda vimeteketea. Nikataka kubonyeza kile kisura kinachodondosha chozi. Dereva akakanyaga breki. Kidole kikatua kwenye kisura kinachocheka mpaka meno ya mwisho. Sikuona. Nikatia simu mfukoni, nikashuka zangu.

Saa 3 usiku skrinishoti inatupwa kwenye grupu la ukoo, jina langu limezungushiwa duara jekundu. Kumbe kibanda cha tatu kutoka mwisho ni cha shemeji yangu, muuza vitenge. Hajaokoa hata doti moja. Chini ya picha kaandika: "Asante shem." Basi. Nimepiga mara 11, hapokei.

Tupeane uzoefu, nisijione peke yangu.

Mpenda Chapati:
"Asante shem" yenye nukta mwishoni ni mbaya kuliko tusi. Pole mkuu.

Fundi Rejeta:
Mleta mada, mimi naomba kueleweshwa. Kati ya kicheko na chozi kuna kile kisura kilichoshangaa, kimeachama mdomo. Kidole chako kilimrukaje mtu mzima aliyesimama katikati?

Kidole Juu:
Fundi, wewe umewahi kupanda daladala ya Mbagala saa 12 jioni?

Fundi Rejeta:
Nina pikipiki.

Kidole Juu:
Basi kaa kimya.

Mvuvi wa Somanga:
Hapa mmenigusa. Aprili 2021 tulitangaziwa Kimbunga Jobo. Kila nikifungua simu ni ramani yenye lile duara linalozunguka, mshale umeelekea kwetu. Mimi ni mtu wa bahari, upepo naujua, lakini ile ramani ilinitia homa. Nikapakia mke, watoto na magodoro kwenye Fuso ya jirani, tukakimbilia bara kwa wakwe. Tarehe 25 tumekaa tunasubiri habari za maangamizi. Jobo akaishiwa nguvu hukohuko baharini, tukapata mvua ya kawaida tu. Nimerudi nyumbani nakuta mbuzi 2 wameibiwa na mtaa mzima unaniita Jobo. Watoto wa shule: "Shikamoo mzee Jobo."

Ikaja Mei 2024, mamlaka ya hali ya hewa wanatangaza Hidaya. Nikasema mara hii hawanipati. Nikaandika palepale chini ya tangazo: "Huyu naye ni mdogo wake Jobo, atakuja kunywa chai aondoke." Watu wakacheka, nikajisikia mchekeshaji. Boti za Unguja zimesitishwa, mimi nacheka. Jumamosi ya tarehe 4 upepo ukashika pembe ya paa langu kama mtu anayefunua sufuria. Bati la kwanza lilipiga kelele, yaliyofuata hata sikuyasikia. Nimehesabu asubuhi, 14. Barabara ya Lindi kwenda Dar nayo ikakatika hapa kwetu Somanga, malori yamelala foleni, madereva wanakuja kuomba maji kwangu mimi ambaye sina paa.

Jina la Jobo halijafutika. Wameongeza la pili.

Mjuzi wa Mambo:
Ndiyo maana mimi hawa watabiri siwasikilizi. Wakisema mvua, anika nguo.

Mwalimu wa Jiografia:
Mjuzi, acha kupotosha. Utabiri wa Jobo haukuwa uongo. Kimbunga kinaweza kufa njiani kabla hakijagusa nchi kavu, na ndicho kilichotokea. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, vimbunga vingi huku kwetu havifiki, vinaelekea Msumbiji na Madagascar. Kutofika kwa kimoja si kibali cha kudharau kinachofuata. Huyo mzee bati zake 14 zimemfundisha, wewe unasubiri ngapi?

Mjuzi wa Mambo:
Mwalimu punguza ukali, hatupo darasani.

Mwalimu wa Jiografia:
Ungekuwepo darasani nisingepata tabu hii.

Mpenda Chapati:
😂😂 mzee Jobo Hidaya.

Mtoto wa Ukara:
Nilikuwa nasoma tu bila kuchangia. Hii mada imenichimbua.

Alhamisi, 20 Septemba 2018. Wa kwetu wanajua Alhamisi ni gulio la Bugorora, watu wa Ukara wanavuka kwenda Ukerewe kuuza na kununua, mchana wanarudi na MV Nyerere. Mimi nipo Mwanza mjini, dukani kwa mtu. Asubuhi ile nilimtumia mama mdogo elfu 30. Akanijibu kwa ujumbe: "Nimepokea mwanangu. Naenda gulioni." Nikasoma, nikaacha kujibu, mteja alikuwa amesimama mbele yangu.

Mchana habari ikaingia, kivuko kimepinduka kikikaribia gati la Bwisya. Sasa nisikilizeni nilichofanya. Sikupiga simu nyumbani. Niliandika maoni. Niliandika kwamba kivuko cha watu 101 kinajazwa kama gunia la dagaa na hakuna anayewajibika. Maoni yakapendwa. Akatokea mtu kunibishia kwamba abiria wenyewe ndio wabishi, wanalazimisha kupanda. Nikamshukia. Akajibu, nikajibu. Zaidi ya saa nzima nimeinamia simu kwenye kaunta, nabishana na mtu nisiyemjua, kila anayenipenda namhesabu. Nilikuwa nafurahia, niseme ukweli. Nilikuwa nashinda.

Simu ikakatiza ubishi. Binamu yangu wa Bwisya: "Kaka, mama mdogo leo alivuka?" Nikarudi kwenye ule ujumbe wa asubuhi. Naenda gulioni. Ulikuwa umekaa pale muda wote, chini kidogo tu ya taarifa za watu walionipenda.

Usiku ule walitangaza 44. Ijumaa nikiwa njiani idadi inapanda kila nikipata mtandao, zikapita 100. Nimefika Ukara watu wamelazwa ufukweni, unafunuliwa, unatazama, unasogea. Jumamosi ukapigwa ukelele, "Yupo hai! Yupo hai!" Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Alikuwa fundi wa kivuko, alikaa siku mbili ndani mle kwenye upenyo wa hewa, wamemtoa anapumua. Watu wanalia kwa furaha, na mimi nalia, lakini nilikuwa namchukia kwa sababu hakuwa yeye. Mungu anisamehe.

Mama mdogo alipatikana jioni ileile. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, kaifunga na kanga kiunoni, kavu kabisa. Ndani ya mfuko elfu 8 na risiti ya viatu vya shule. Tuliopoteza watu tulizidi 220 kwa hesabu ya mwisho.

Yale maoni yangu hayajafutika, akaunti ile niliisahau nywila. Kila Septemba kuna watu wanairusha habari upya, na kuna mtu huwa anayapenda.

Bibi wa Nansio:
Nami nilifunua.

Kidole Juu:
Mtoto wa Ukara, poleni sana. Nimeona aibu hata kuanzisha uzi kwa shemeji na vitenge.

Mchimbaji Aliyekosa:
Poleni wafiwa. Mimi langu ni dogo nitasema upesi. Juni 2020 nilisoma mzee Laizer kauza mawe mawili ya tanzanite, la kilo 9 na ushee na la kilo 5, kalipwa bilioni 7.74 mbele ya kamera. Nikashea, nikaandika "Muda wangu umefika." Wiki iliyofuata nimeacha kazi ya kufundisha chekechea nimeenda Mirerani. Agosti mzee akapata jiwe la tatu. Mimi nikapata kikohozi.

Bint Saidi:
Mie nasimulia ya sukari ya mwaka 2024, ile Februari iliyofika elfu 4 na zaidi kilo.

Mume wangu aliniaga anaenda semina Dodoma, siku 5. Nikamnyooshea mashati. Moja la bluu lilikosa kifungo cha pili kutoka juu, nikamwekea cheusi kwa kuwa cheupe sikuwa nacho. Siku ya tatu nimekaa barazani Tegeta nachambua mchele, simu juu ya ungo. Ukurasa mmoja wa habari umeweka picha ya foleni ya sukari kule upande wa pili wa jiji. Wa tatu kwenye foleni ni mwanaume kambeba kichanga begani, uso kaugeuzia mtoto. Moyo wangu mwepesi. Nikaandika: "Jamani mpaka baba wa watu na kichanga juani! Mungu amfanyie wepesi huyu baba." Watu 27 wakasema amina.

Baada ya nusu saa mdogo wangu ananiandikia: "Dada, huyo uliyemwombea umemtazama shati?"

Nikaikuza picha. Kifungo cheusi.

Ngoja mtoto kaamka, nakuja.

Mpenda Chapati:
HAPANA. Rudi hapa.

Dada wa Tandale:
Nimekaa pale na karanga zangu.

Fundi Rejeta:
Na wewe ndiye uliyekishona! 😂😂😂

Mjuzi wa Mambo:
Hii ni chai.

Mpenda Chapati:
Chai bila sukari.

Bibi wa Nansio:
Wanangu, mtu kaeleza msiba hapo juu, maji hata hayajakauka, nyie mnapasuka mbavu. Ndiyo malezi?

Dada wa Tandale:
Bibi shikamoo. Samahani. Lakini hata msibani watani huwapo.

Bibi wa Nansio:
Marahaba. Mtani anajulikana kwa ukoo wake. Wewe ni mtani wa nani?

Mtoto wa Ukara:
Bibi waache. Mimi mwenyewe nimecheka kwenye kifungo. Bint Saidi endelea dada yangu.

Mjumbe wa Nyumba Kumi:
Wakati tunamsubiri, niwakumbushe mnaoshea shea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kijana wa mtaani kwangu alitangaza mwenyekiti wetu kafariki, mwenyekiti yuko kwenye kikao cha maji. Alitembea mitaa yote kwa miguu kuomba radhi, bahati yake mzee ni muungwana. Ushauri: soma habari mara mbili, lala, asubuhi ndiyo ukomenti.

Fundi Rejeta:
Mjumbe, asubuhi habari si imeshakuwa magazeti ya kufungia maandazi? Ushauri wangu: usikomenti kabisa. Bonyeza moyo kila kitu.

Mwalimu wa Jiografia:
Moyo kwenye habari ya ajali?

Fundi Rejeta:
Unaonyesha upendo kwa marehemu.

Mama Ntilie Mstaarabu:
Mimi ushauri wangu mpigie ndugu kwanza, habari baadaye. Kitu chochote kikitokea mahali nilikozaliwa napiga simu kabla ya kumaliza kichwa cha habari. Vocha zinaniisha lakini nalala.

Mchimbaji Aliyekosa:
Futa programu zote, baki na redio. Mimi nilifuta wiki 2, nikawa najua bei ya ufuta tu. Nimezirudisha.

Bint Saidi:
Nimerudi. Mtoto kalala.

Sikupiga simu. Sikuandika kitu. Yale maoni sikuyafuta, niliona acha ile dua imkute mwenyewe. Ijumaa usiku mtu anaingia na begi lake, kachoka. Nikampokea. "Dodoma kukoje?" "Joto." Nikamwandalia maji ya kuoga, nikamtengea chai na vitumbua. Akapiga funda la kwanza, akatulia. "Mama, hii haina sukari." Nikamwambia, "Nilidhani umekuja nayo, ulikuwa wa tatu."

Alishika kikombe vile mpaka chai ikapoa.

Dada wa Tandale:
Wallahi nimesimama kupiga makofi jikoni peke yangu.

Mpenda Chapati:
HALAFU IKAWAJE. Kichanga cha nani??

Mjuzi wa Mambo:
Nasimamia palepale, chai. Mwanaume gani anaenda kupanga foleni kwenye kamera?

Mwalimu wa Jiografia:
Mjuzi, mwezi ule mvua za El Nino zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vilisimama. Kila mwanaume alipanga foleni, mwenye siri na asiye na siri.

Mama Ntilie Mstaarabu:
Dada samehe, wanaume ni watoto.

Dada wa Tandale:
Usisamehe. Watoto hawapangi semina.

Mvuvi wa Somanga:
Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nimepoteza paa. Kaa naye umsikilize mpaka mwisho kwanza. Pengine ni mtoto wa dada yake.

Bint Saidi:
Mzee Jobo, shikamoo. Dada yake yuko Muscat tangu 2019.

Mvuvi wa Somanga:
Marahaba. Basi sina la kuongeza.

Kidole Juu:
Wakuu, shemeji kapokea! Nimejieleza breki, bomba, kila kitu. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kilekile alichouliza Fundi: "Na kile kisura cha katikati ulikirukaje?" Kasema nifike sokoni saa 11 alfajiri na beleshi, tunazoa majivu, na simu niiache nyumbani.

Fundi Rejeta:
Shemeji ana akili. Nakuja na mimi, nina kiroba cha misumari, mtajenga upya.

Mpenda Chapati:
Poa. Bint Saidi, hujalala? Kichanga.