Mchezaji wa zamani kwenye redio ya chuo chake: mchambuzi au msemaji wa timu?

Mleta mada:

Wakuu, naomba tulijadili hili. Naishi Ohio, na huku Jumamosi za kuanzia Septemba hadi Novemba ni futiboli ya vyuo tu, ile ya Kimarekani. Mechi ya Ohio State ikiwa redioni, anatangaza Paul Keels, na mchambuzi wake ni Jim Lachey, aliyecheza hapo hapo kabla ya kwenda ligi ya kulipwa. Kwa wapinzani wetu Michigan, tangu 2022 kiti hicho anacho Jon Jansen, mmoja wa manahodha wa kikosi cha ubingwa cha 1997. Alimpokea Dan Dierdorf, naye wa Michigan, ambaye alikuwa akitangaza na Jim Brandstatter, naye wa Michigan! Penn State wana Jack Ham tangu 2000. Oklahoma wana Teddy Lehman. Wote wawili walicheza hapo hapo.

Sina ugomvi na ujuzi wao. Macho yetu sisi yanafuata mpira. Aliyecheza safu ya mbele anaangalia mikono ya wale majitu walioinama: mkono ukigusa nyasi kidogo tu na uzito umerudi kwenye visigino, hapo inakuja pasi. Hilo hulisomi kitabuni.

Tatizo langu ni mshahara. Kwa kawaida chuo kikubwa huuza haki za matangazo kwa kampuni kama Learfield, na atakayeshika kipaza sauti lazima chuo kimridhie. Sasa huyo atamwambia lini msikilizaji kwamba kocha amechemsha? Agosti 2012 Allen Pinkett, mkimbiza mpira wa zamani wa Notre Dame na mchambuzi wa redio yao, alisema kwenye mahojiano kwamba timu ya ushindi inahitaji watukutu wachache ndani yake. Kauli ya hovyo, na aliomba radhi. Lakini aliondolewa kwenye mechi ya kwanza ya msimu, ile ya Dublin dhidi ya Navy, na wenzake wote wakapata somo.

Na msiniambie wachezaji ni watoto wa shule wasisemwe. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuingiza pesa kwa majina yao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa.

Pendekezo langu: mchambuzi awe mchezaji wa zamani, ila wa chuo kingine. Notre Dame walifika nusu ya njia mwaka 2018 walipomchukua Paul Burmeister, kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa zamani wa Iowa, awe mtangazaji mkuu. Pembeni yake wakamweka Ryan Harris, mtoto wa nyumbani. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umekosea mlango. Anayetaka uchambuzi usio na upande ana runinga ya taifa na magazeti. Redio ya chuo ni ya wenye timu. Kuna watu huku wanazima sauti ya runinga na kufungua redio yao, picha wanayo mbele, na wakidanganywa wanajua palepale. Wanachotaka ni mtu anayeumia kama wao.

Halafu unawaonea wachezaji. Kumbuka Auburn na Alabama, Novemba 30, 2013. Ni 28-28, imebaki sekunde 1, Alabama wanapiga teke la yadi 57 kulenga goli, mpira unapungua nguvu, Chris Davis wa Auburn anaudaka nyuma kabisa na kukimbia uwanja mzima hadi kufunga la ushindi. Sauti inayorudiwa mpaka leo ni ya Rod Bramblett, na yule hakuwa mchezaji wa Auburn. Mchezaji wa zamani alikuwa Stan White, kwotabeki wao, aliyekaa pembeni yake. Mbona aliyepandwa na mashetani ni Bramblett? Upendeleo hauji na jezi.

Mleta mada:

Hapo umenisaidia, mkuu. Hauji na jezi, unakuja na hundi. Ila dereva wa lori aliye barabarani hana picha ya kulinganisha. Refa akitupa kitambaa cha njano kuonyesha kosa, yule jamaa wa kipaza sauti ndiye macho yake.

Mchangiaji wa pili:

Nyote mnazungumzia mechi. Mimi nina wasiwasi na siku ambayo habari si mechi. Novemba 2011 Penn State walimfukuza kocha wao mkuu Joe Paterno kwa sababu ya kashfa ya Sandusky, msaidizi wake wa zamani aliyeshtakiwa kwa kunajisi watoto, na siku chache baadaye timu ikashuka uwanjani dhidi ya Nebraska. Mchambuzi wa redio yao ni Jack Ham, aliyelelewa kimpira na Paterno huyo huyo. Simlaumu, wala sidai alikosea. Nauliza tu, ni haki kumweka binadamu kwenye kiti hicho siku hiyo? Hata wa chuo kingine, kama analipwa kutoka mfuko uleule, atapima maneno.

Mchangiaji wa kwanza:

Basi siku hiyo aletwe mwandishi wa habari asome taarifa kabla ya mechi, Ham abaki na mpira. Ila mleta mada, mlete mtu wa Michigan achambue Ohio State redioni hapo Columbus, halafu urudi utuambie alimaliza robo ngapi.