Nyumba ya Daniel Boone: mawe yabaki au magogo yarudishwe?

Wapenzi wa majengo ya kale, naomba tujadiliane. Katika bonde la Oley, Pennsylvania, Marekani, ipo nyumba ya mawe inayojulikana kwa jina la Daniel Boone, mwindaji aliyeongoza kazi ya kufyeka njia ya walowezi kuingia Kentucky mwaka 1775. Alizaliwa hapo mwaka 1734, ila kuta zinazopigwa picha leo si zile zilizomlea.

Baba yake, Squire Boone, mfumaji wa dhehebu la Quaker aliyetoka Uingereza, alijenga nyumba ya magogo mnamo 1730. Chini yake palikuwa na chumba cha mawe chenye chemchemi ndani, maji ya kutumia yakipatikana humohumo na vyakula vikikaa kwenye ubaridi. Mwaka 1750 familia ikahamia kusini. Waliofuata, William Maugridge na baadaye ukoo wa DeTurk, wakapanua kwa mawe, na hadi karne ya 18 inaisha magogo yalikuwa yameondoka. Cha akina Boone kilichosalia ni msingi na chemchemi.

Wapo watakaosema: kama jina ni la Boone, basi irudishwe nyumba ya Boone. Mimi napinga kabisa. Gogo la chini hunyonya unyevu na kuoza, na moto ukiwaka hakuna cha kuokoa. Aliyepata uwezo alijenga kwa mawe na chokaa. Kuta zile ndizo ushahidi wa mabadiliko hayo. Ukizibomoa, unaharibu kazi halisi ya mafundi wa karne ya 18 ili usimamishe kitu kipya cha kubuni. Anayetaka kuona magogo ataiona nyumba ya Bertolet, iliyohamishiwa hapohapo kutoka kwingine bondeni. Nayo ielezwe wazi kwamba si ya Boone, maana mgeni hukosea kirahisi.

Ningebadilisha jina. Liseme Boone, Maugridge na DeTurk, na maelezo yaanze na Walenape, wenye ardhi ile kabla ya walowezi wote hao. Mtu aliyeondoka akiwa kijana wa miaka 15 au 16 hawezi kuwameza waliojenga kinachoonekana.

Unayetaka magogo yarudi, tueleze: utachora nyumba hiyo kwa kufuata nini, ikiwa kilichobaki ni msingi tu?