Vipimo vya kilti: je, namba ya kiuno cha suruali inatosha?

Mkazi wa Glasgow (mwenye swali)
Ndugu zangu, hamjambo. Rafiki yangu Mskoti ameniomba niwe miongoni mwa wapambe wake harusini, na wanaume wote tutavaa kilti, lile vazi la jadi la Uskoti lililo mfano wa sketi yenye marinda. Nimeamua kununua yangu badala ya kukodi, lakini muuzaji wa mtandaoni anataka vipimo vitatu: kiuno, nyonga na urefu. Suruali zangu ni za kiuno cha inchi 34, na kitambi kimeanza kujitokeza. Je, nikiandika 34 itanitosha?

Fundi Cherehani
Hapana, ndugu, usiandike 34. Suruali nyingi za siku hizi hukaa chini ya kitovu, ilhali kilti hufungwa usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na kwa mtu mwenye kitambi tofauti ya vipimo hivyo huweza kufika inchi kadhaa. Vaa shati utakalochomekea, simama wima, zungusha futi kamba kitovuni na upumue kama kawaida bila kubana tumbo. Nyonga hupimwa pale makalio yalipojaa zaidi.

Kuhusu urefu, piga magoti sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, mtu apime kuanzia kitovuni hadi sakafuni, kisha apunguze kama inchi moja, ili pindo liangukie kwenye pia ya goti au juu yake kidogo. Usijipime mwenyewe, kwa sababu ukiinama tu kutazama namba, kipimo kimekwisha kuharibika.

Dada wa Edinburgh
Naunga mkono, na nasisitiza urefu kwa kuwa ndio mgumu kurekebisha. Kilti ya sufu iliyoshonwa kwa jadi kwa kawaida haikunjwi chini: ukingo wenyewe wa kitambaa, kama ulivyofumwa, ndio unaokaa magotini, kwa hiyo hakuna cha kukunjua ikiwa fupi. Kiuno kina nafuu, maana bizimu zinaweza kusogezwa kidogo.

Ikifika, ijaribu kabla ya kung'oa lebo, funga mikanda yote, kisha mwombe mtu akutazame kwa nyuma. Marinda yanapaswa kuanguka wima yakiwa yamefumbana. Yakiachama hali umesimama tu, ujue nyonga imebana. Mbele, kile kipande bapa kisicho na marinda kilale vizuri, ukingo wake usigeuke nje.

Mkazi wa Glasgow
Ahsanteni sana. Mke wangu amenipima, na kitovuni imekuja 38, nyonga 40. Je, niongeze inchi moja ili nipate nafasi nikishakula?

Fundi Cherehani
Usiongeze. Andika vipimo vya mwili kama vilivyo, kwani mshonaji huweka nafasi yake mwenyewe na mikanda ina matundu ya kulegezea. Mweleze tu kwamba una kitambi, na umtumie pia mzunguko wa tumbo pale lilipojitokeza zaidi, ili aikate sehemu ya mbele kulingana na umbo lako.